Sarafu ya Susu Ilivyokwenda Mombasa Kuulizwa

Tangu Jumapili siwezi kununua hata kiberiti hapa Machakos mjini bila mtu kunishika kiwiko na kuuliza, "Kyalo, ni kweli ulienda mpaka Mombasa kuihoji sarafu?" Nimeisimulia safari hiyo mara tisa. Mara ya tisa, kwa kinyozi, nilijisikia nikitia simba anayevuka barabara pale Kibwezi. Hakukuwa na simba. Ndiyo maana naandika sasa, kabla simba huyo hajazaa.

Kwa ambao hawajaiona, ni sarafu kubwa na nzito, karibu upana wa mfuniko wa chupa ya dawa ya kikohozi. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke mwenye shingo nene na masuke ya ngano kwenye nywele. Upande wa pili kuna tai aliyeinua mabawa, na juu yake maneno ya Kiingereza ya kumtumaini Mungu. Imezungushiwa ukanda mpana wa nyuzi za shaba zilizosukwa, na ukanda huo umefunika ukingo wote: maandishi ya pembeni, na mwaka, kama upo. Ina mkufu wake. Kila bibi harusi wa boma letu la Kalama huivaa siku ya harusi yake, kisha huirudisha kwa Susu, mama mzazi wa baba yangu, ambaye amekuwa mtunzaji wake tangu aolewe yeye mwenyewe.

Na ina hadithi. Mwenye hadithi ni baba mkubwa, ndugu mkubwa wa baba. Anaitwa Mutunga, jina alilorithi kwa babu yake, baba mkwe wa Susu. Kwa maelezo yake, huyo Mutunga wa kwanza aliua tembo kwa mshale kabla reli haijaletwa, akabeba pembe kwa miguu hadi pwani. Huko Mmarekani aliyekuwa akiuza vitambaa vya merikani alipoziona pembe akapiga magoti, akaivua sarafu hiyo shingoni mwake na kumpa. Nilipokuwa darasa la tatu, pembe zile zilibebwa na watu wawili. Nilipomaliza chuo kikuu zilikuwa zinabebwa na watu sita.

Desemba, siku ya kupokea mbuzi wa posa ya dada yangu Mwende, baba mkubwa aliisimulia mbele ya wakwe. Nami nikafungua mdomo.

"Baba mkubwa, reli ilipopita hapa Mutunga wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Alimuua tembo na nini, kijiko?" Halafu, kwa kuwa sijui kunyamaza nikiona ninashinda, nikaongeza kwamba hata hiyo si fedha, ni kibati cha kugawiwa kanisani.

Wakwe walitazama miguu yao. Baba mkubwa alisema polepole kwamba mtoto aliyesoma ana haki ya kuuliza. Basi siku ya harusi nilete ushahidi, au nisimame mbele ya hao hao wageni nikiwa na mbuzi mkononi niombe msamaha.

Nilimfuata Susu jikoni. Alikuwa anachagua maharagwe.

"Susu, ile hadithi ni ya kweli?"

"Mimi siulizwi hiyo," alisema bila kuinua macho. "Iulize yenyewe."

Niliona ananikwepa.

Kalama: majivu na ndimu

Rafiki niliyesoma naye chuo, mwenyeji wa Mombasa, alikuwa ameniambia habari za Bwana Taher, sonara wa Mji wa Kale anayekusanya sarafu za kigeni kama wengine wanavyokusanya maadui. Wiki ya harusi ikafika; harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi. Susu alikubali sarafu iende kwa sharti kwamba ukanda usifunguliwe na mtu mwingine ila fundi wa fedha. Mwende alikuwa na sharti lake.

"Kyalo, mimi na tembo hatuna shida. Nataka tu Jumamosi shingo yangu isiwe tupu. Ukichelewa, nitakuvaa wewe."

Jumatatu alfajiri nilimkuta Susu amechuchumaa kando ya jiko, ndimu mkono mmoja, majivu mkono wa pili, akiisugua ile sarafu kwa nguvu aliyokuwa akitusugulia magoti tulipokuwa wadogo. Weusi wote ulikuwa umetoka. Ilimeta kama kijiko kipya.

"Susu, umeamka saa ngapi?"

"Saa ya kuosha. Mtu hatumwi kwenda kusema mbele ya watu na uso mchafu."

Nilimsifu. Kumbukeni hilo mtakapofika Mombasa.

Alinifungia pia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Hapo akili yangu ya chuo kikuu ikafanya kazi. Nani ameibiwa muthokoi? Nikaifunga sarafu kwenye kitambaa, nikaifunga tena kwenye karatasi ya plastiki, nikaizika chini kabisa ya mkebe.

Mlolongo: mizani

Ninyi mliokaa mjini mwaka huu hamjui El Niño ilifanya nini kwenye barabara ya Mombasa. Mabasi yalikuwa yanaondoka kwa imani. Niliambiwa malori ndiyo yanayofika, kwa hiyo nilishuka Mlolongo na kutafuta lori, nikapata la Wafula, dereva wa Bungoma mwenye kofia ya sufu na sauti ya kwaya, aliyekuwa anapeleka kahawa bandarini. Kwenye kiti tayari alikuwa ameketi mama mmoja wa Katangi, Mama Nduku, amepakata nusu gunia la ndengu za kumpelekea binti yake aliyejifungua.

"Wakya?" nilimwamkia Kikamba.

"Aa. Wewe ni wa wapi?"

"Kalama."

"Basi sogea, ndengu zikae katikati. Ndizo zinaheshimiwa hapa."

Tulikaa Mlolongo siku nzima. Foleni ya mizani ya malori ilikuwa ndefu, na tulipoifikia, ekseli ya nyuma ikawa imezidi. Wafula alikuwa amepakia kwa macho. Akaambiwa asogeze mzigo mbele. Basi tukatoa magunia, tukayapanga upya, tukarudi mwisho wa foleni. Mara ya pili ekseli ya mbele ikazidi.

Nilimuuliza Wafula kwa nini asihesabu tu: magunia fulani huku, fulani kule, hesabu ya darasa la sita. Alinitazama kwa huruma.

"Kijana, gunia la kahawa haliketi mahali unaliambia. Liko na tabia. Hili la leo limelowa, lile halijalowa. Utahesabu nini?"

"Si ungelipima kwanza?"

"Na hapa tunafanya nini?"

Mama Nduku alicheka mpaka akashika ndengu. Mara ya tatu tulipita, na tuliposhika njia jua la Jumanne lilikuwa limeshachomoza.

Baada ya Kibwezi: muthokoi wa watu wanane

Mvua ilikuwa imekula daraja dogo mbele ya Kibwezi, na magari yalipitishwa kwenye mchepuko wa udongo, moja moja, kama wagonjwa wanaoingia kwa daktari. Kisha lori la mbele likazama hadi ekseli, likaziba njia. Wafula alizima injini, akavua viatu. Mtu akivua viatu ujue hatumii tena saa.

Nilishuka kwenda kuangalia. Nilikaa huko mbele karibu saa nzima, nikiwaeleza watu wenye koleo jinsi ya kuchimba, mpaka mmoja akanipa koleo. Niliporudi, nikiwa na matope hadi mapajani, nilikuta moto wa mawe matatu kando ya lori, na watu wanane wameuzunguka wakila. Mama Nduku alikuwa anapakua. Kutoka kwenye mkebe wangu.

"Umechelewa, Kalama, lakini nimekuwekea," aliniambia kwa furaha. "Nimeonja nikaona jioni itakuwa imechacha. Nikaipasha moto. Chakula cha njia hakiliwi na mtu mmoja."

Ana haki. Hata mimi nilivyolelewa, mkebe ukifunguliwa njiani ni wa wote walio njiani.

"Mama, chini kulikuwa na kitu."

"Chini kulikuwa na utamu. Nimekwangua wote."

Niliangalia mkebe. Mtupu, unang'aa. Mwende ataolewa shingo tupu, nikawaza, na mimi nitaishi Tanzania. Nikaanza kuzunguka nikichungulia sahani za watu nisiowajua, na watu hawapendi hivyo. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe alificha sahani yake mgongoni.

"Wewe umekosa adabu ama umekosa nyama?"

"Natafuta sarafu!"

"Kwa muthokoi?"

Hapo mzee mmoja mwembamba upande wa pili wa moto akaacha kutafuna. Akatoa mdomoni ncha ya karatasi ya plastiki, akaivuta polepole, kitambaa kikafuata, na ndani yake, yule mwanamke wa ngano.

"Nimekula mawe kwa muthokoi miaka sitini," alisema, "lakini hili ni la kwanza lenye uso."

Nilidhani watakasirika. Badala yake ikawa semina. Sarafu ilizunguka moto mkono kwa mkono, na kila mkono ukatoa hukumu. Wa ng'ombe alisema ni medali ya mbio. Mama Nduku, ambaye ni Mkatoliki, alisema ni Bikira Maria, ila shingo si yake. Mwingine alisema ni malkia wa Uingereza alipokuwa mnene. Niliwaeleza kwamba kwa maoni yangu ni bati, na kwamba naipeleka Mombasa kuthibitisha hivyo.

"Yaani unaenda siku tatu kwenye matope kuonyesha kitu cha nyanyako ni bure?" aliuliza Mama Nduku.

"Naenda kutafuta ukweli."

"Mm," alisema. "Kula basi, ukweli haujachacha."

Wafula aliichukua mwisho. Aliishika kwa mkufu ikaning'inia, akaigonga kidogo kwa spana. Ilitoa mlio mwembamba, mrefu, ulioendelea hewani baada ya sisi wote kunyamaza.

"Mimi ni mtu wa vyuma," alisema akinirudishia. "Bati halisemi hivyo."

Hilo lilinisumbua kuliko matope. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda baba mkubwa, sikuwa nimejiandaa kushindwa na spana.

Tulitoka pale Jumatano mchana. Mbele kulikuwa na mchepuko mwingine, na mwingine. Mombasa tuliingia Alhamisi jioni, na Mama Nduku aliteremka na ndengu zake akaniambia nikimkosea nyanyangu tena atajua, Katangi si mbali.

Mombasa: chini ya ukanda

Duka la Bwana Taher ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili lazima wapatane. Ijumaa asubuhi nilimkuta amefungua kufuli tu. Ni mzee mfupi, kofia nyeupe ya mshono wa dhahabu, miwani miwili: mmoja machoni, mmoja kwenye paji la uso. Niliweka sarafu juu ya kitambaa chake cheusi.

Alishusha miwani ya pili. Akainama. Kisha akafanya uso wa mtu aliyekanyagwa kidole.

"Nani ameiosha?"

"Nyanya yangu. Kwa majivu na ndimu. Imetakata, sivyo?"

"Majivu na ndimu!" Aliketi. "Mwanangu, sarafu ya kukusanya haioshwi. Ule weusi uliouona ndio ngozi yake, umri wake umo humo. Ukiisugua umeichuna. Ningekuja kwenu nikampigia kelele nyanya yako, lakini amenizidi umri." Aliisogeza puani. "Na mbona inanukia maharagwe?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka miwani yote miwili ikaanguka, na tangu hapo tukawa marafiki.

Aliipima uzito kwenye mizani ndogo ya shaba, akaileta karibu na sumaku, akaigonga kwa kucha na kusikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Fedha," alisema. "Sehemu tisa kwa kumi, na shaba kidogo ya kuipa ugumu. Dola ya Marekani, ya zamani. Ulisema bati?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wakwe."

"Pole."

Kisha akavuta kibweta cha mbao na kunionyesha zake, kila moja kwenye kibahasha chake, akizigusa ukingoni tu kwa ncha za vidole. Fedha hiyo, alisema, ilichimbwa kwenye milima ya magharibi ya Amerika, ikawa nyingi hata serikali ikalazimika kuinunua na kuipiga dola. Watu wenyewe hawakuzipenda. Zilitoboa mifuko. Walipendelea noti, na dola zikakaa kwenye magunia katika hazina ya serikali miaka na miaka bila kuguswa na mtu. Halafu, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wakaziyeyusha kwa mamilioni, fedha ikauzwa kwa Waingereza waipeleke India. Baadaye sheria ikawataka wazipige tena, na uso ule ule wa mwanamke ukarudi kwa muda mfupi kabla hajabadilishwa.

"Ndiyo maana mkusanyaji hatazami uso," alisema. "Uso ni mmoja. Anatazama mwaka, na herufi ndogo chini ya mkia wa tai, inayosema ilipigwa mji gani. Kuna mji mmoja wa migodini uliotia C mbili. Ukiniletea hiyo nafunga duka, nakuchinjia mbuzi."

"Na hii?"

"Hii imevaa mshipi. Tutaivua." Aligeuza ukanda kwenye mwanga, akaupitishia kidole uzi kwa uzi. "Huu umesukwa na nani?"

"Sijui. Nadhani ulinunuliwa."

"Hapana. Nyuzi hizi zimevutwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, mpaka zikawa kama nywele. Kwenu Ukambani ndiko walikokuwa mafundi hawa wa mikufu. Huyu alikuwa bingwa. Na sarafu yenyewe haikutembea sokoni, tazama nywele za mwanamke, chini ya mikwaruzo ya nyanya bado zina mistari. Ilitoka mkononi mwa mwenyewe ikaingia kwenye ukanda."

Alifungua kiungo kwa koleo dogo. Ukanda ulitoka mzima. Pale ulipokuwa umefunika, majivu hayakufika: kuzunguka ukingo wote kulikuwa na duara la rangi ya moshi, na ndani ya moshi huo rangi ya asali, nzuri hata nikaelewa kwa nini mzee alikuwa ameumia. Na chini ya shingo ya mwanamke, katika duara hilo, tarakimu nne.

1921.

Nilizisoma mara mbili. Reli ilikuwa imepita kwetu miaka zaidi ya ishirini kabla yake. Hakuna tembo. Hakuna pembe, wala za watu wawili wala za watu sita. Nilikuwa nimeshinda.

Mnajua jinsi mtu anavyohisi akivuta kamba kwa nguvu na upande wa pili ukaiachia? Nilimwona Susu akiwa amechuchumaa na ndimu yake, akiisafisha kwa ajili ya kwenda kuumbuliwa.

"Hakuna herufi," Bwana Taher alikuwa anasema. "Basi ni Filadelfia. Mwaka huo walipiga nyingi mno, wakusanyaji wakiiona wanapiga miayo. Mimi ninazo tatu. Hii, pamoja na kuoshwa, hakuna atakayekubabaisha kwa kuitaka." Alinitazama. "Mbona umenuna? Hukupata ulichokuja kukitafuta?"

"Nimekipata."

"Basi umekuwa mkusanyaji. Hivyo ndivyo tunavyokuwa."

Nilimwomba aurudishe ukanda. Aliurudisha kwa mikono yake taratibu, lakini aliukaza kidogo upande wa chini, ili mwaka uonekane. Nilifungua mdomo kumzuia. Akasema fundi hafichi tarehe mara mbili. Hakutaka malipo ila niandike kwenye daftari lake sarafu ilikotoka. Niliandika, "Kalama, Machakos." Mbele ya hapo sikujua niandike nini.

Konza hadi Kalama

Nilirudi kwa treni, daraja la tatu, na kwa kuwa reli nayo ilikuwa imenyeshewa, tulitembea kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Sarafu niliifunga kiunoni chini ya shati. Njia nzima nilitunga maneno. Ningeweza kusema mwaka haukusomeka. Lakini mtu aliyewasumbua walimu miaka minne kuhusu vyanzo na ushahidi ataanzaje kudanganya kwa ajili ya tembo?

Niliteremka Konza Jumamosi saa mbili asubuhi. Harusi ilikuwa saa nne. Nikapata gari la pikapu lililobeba kreti za soda, nikamuuliza dereva anakwenda wapi.

"Kalama, kuna harusi. Eti bibi harusi analia, kakake ametoroka na mali ya boma."

"Ndiye mimi."

Alinitazama kuanzia matope hadi kichwani. "Keti nyuma na soda," alisema. "Ziangalie. Usizitoroshe."

Mwende aliniona akiwa na nusu ya nywele zimesukwa. Alinyoosha mkono. Lakini Susu, aliyekuwa kwenye kigoda pembeni, alitangulia kunyoosha wake.

"Wamesemaje?"

"Ni fedha, Susu. Fedha halisi. Nilikosea, nitatoa mbuzi."

"Na nini tena?"

Niliigeuza, nikamwonyesha tarakimu zilizochungulia chini ya ukanda. Susu hajui kusoma. Nilimsomea. Nikamweleza kwamba ilipigwa Amerika mwaka huo, haiwezi kuwa ya zamani zaidi, kwa hiyo ya tembo…

Susu alikuwa anatabasamu. Si kidogo. Alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

"Haya," alisema. "Imesema yenyewe. Mimi nimesema kitu?"

"Hapana, Susu."

"Mwende, wewe ni shahidi. Mimi sijasema kitu."

Ndipo nikaanza kuona, polepole, kama mtu anayefutiwa miwani. Susu hajawahi kumwita baba mkubwa kwa jina. Humwita Mkubwa. Nimesikia hivyo maisha yangu yote, mimi ninayeuliza kila kitu, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mutunga ni jina la baba mkwe wake, na mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala hazungumzi habari zake mbele ya watu. Ni nthoni, ile haya ya ukweni ambayo kwa Wakamba wa rika lake haina likizo. Na mwana aliyebeba jina hilo, hata kama ulimzaa wewe, humwambii mbele ya wageni kwamba amesema uongo. Alipoketi kusikiliza pembe zikikua mwaka baada ya mwaka, hakuwa anakubali. Alikuwa amefungwa mdomo. Na nilipomfuata jikoni kumuuliza, alinipa jibu lililonyooka kuliko yote aliyoweza: iulize yenyewe.

"Susu," nilisema, "wewe ulijua."

"Mimi najua maharagwe." Alimvuta Mwende karibu, akaanza kumfunga mkufu shingoni. "Lakini kulikuwa na mtu mmoja. Mtu tu, wa huku Kalama. Baada ya vita ya Wajerumani alienda bandarini kubeba magunia, kibarua. Alikuwa fundi wa mikufu, lakini mikufu hailipi kodi ya kichwa. Siku moja baharia wa Marekani akakatikiwa na mnyororo wa saa yake, saa ikataka kuanguka majini, huyo mtu akaidaka. Halafu akakaa chini akaushona mnyororo kwa waya, pale pale, kwa meno na mikono. Baharia akampa hii. Huyo mtu akarudi nyumbani, akaisukia nguo. Na mke wa mwanawe alipoletwa, msichana mwenye hofu, hajui mtu, akatuma avalishwe. Hakusema naye neno. Si ruhusa. Lakini msichana akajua amekaribishwa."

Alikaza kiungo. Mkono wake ulikaa kidogo juu ya sarafu.

"Kibarua hapendezi kwenye hotuba," alisema. "Mkubwa alipata tembo mahali. Mimi ningesemaje? Lakini kila akiingia tembo, yule fundi anatoka."

Harusi ilifana. Kabla ya hotuba nilimwita baba mkubwa kando ya kreti za soda, nikamwambia yote: mwaka, ukanda, na habari za mtu mmoja wa Kalama, kama nilivyosimuliwa na mtu nisiyemtaja. Aliitazama shingo ya Mwende kwa mbali. Nikajiandaa kwa ghadhabu.

"Kwa meno?" aliuliza mwishowe.

"Kwa meno na mikono."

"Na saa ilikuwa inaanguka baharini."

"Ndiyo."

Nilisimama mbele ya wakwe na mbuzi wangu, nikaomba msamaha kwa neno bati. Kisha baba mkubwa akasimama, akakohoa, akawaambia wageni kwamba leo watasikia kisa cha kweli cha sarafu hii, kilichothibitishwa na wataalamu wa Mombasa. Alisimulia vizuri. Ukanda aliusuka upya mbele ya macho yetu, uzi kwa uzi, na nilimwona Susu kwenye kigoda chake ameinamisha kichwa, akisikiliza habari za baba mkwe wake zikisemwa kwa sauti, bila yeye kuvunja mwiko wowote.

Kisha baharia akawa nahodha. Saa ikawa ya dhahabu. Na huyo Mutunga wa kwanza hakuidaka tena kwa mkono, alijitosa Kilindini akaifuata chini, penye papa.

Susu aliinua kichwa. Alinitafuta kwa macho kati ya wageni, akanikonyeza.

"Kyalo," alisema nilipomsogelea, "sarafu bado iko na mkufu, na huo haujaulizwa. Mombasa unaenda lini?"